Al-Hijr: Mawakala Wanauza, na Sisi Maustadhi Tunadanganya

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Makala hii nilikusudia iwe juu ya mawakala wa umra peke yao. Nilipokaa kuiandika nikakuta nusu ya kosa ni letu sisi walimu wa madrasa, na sehemu kubwa ya nusu hiyo ni yangu mimi. Kwa hiyo atakayeudhika ajue kwamba bakora ya kwanza nimejichapa mwenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Darasa la wasichana wakubwa, baada ya Maghribi, tulikuwa tunasoma habari za Nabii Swaleh (A.S.) na kaumu yake ya Thamud. Ili somo liwakae, nikaleta albamu yangu ya zamani. Mwaka 2004 nilikuwa mwanafunzi Madina, na siku moja ya likizo tulikodi basi dogo, vijana kumi na kitu kutoka nchi mbalimbali, tukapata kibali, tukaenda Al-Hijr, mahali ambapo wengi wanapaita Mada'in Swaleh. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kaskazini ya Madina, karibu na mji wa AlUla. Picha zikazunguka darasani. Wasichana wakashangaa majabali mekundu yaliyochongwa mbele kama uso wa jumba la mfalme, na jangwa tupu pande zote.

Katika picha moja mwenzetu mmoja, kijana mrefu kunishinda mimi, amelala ndani ya shubaka lililochongwa kwenye ukuta wa jiwe, macho ameyafumba, mikono kifuani, anajifanya maiti. Sisi wengine tumesimama pembeni tunacheka. Binti mmoja akaitazama picha ile muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono.

"Ustadh, ulitufundisha watu wa Thamud walikuwa warefu kama mitende. Huyu mwenzako mbona amejaa humo?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea: "Na kaka yangu amesoma kwenye mtandao kwamba haya ni makaburi, si nyumba, na waliochonga si Thamud."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia: "Kaa chini." Jibu la mwalimu aliyeishiwa.

Siku ya tatu yake mama yake akaja nyumbani kwangu, amejitanda vizuri, akaamkia, akasita, kisha akasema: "Ustadh, mimi si mtu wa elimu. Lakini mtoto ananiuliza usiku, kama la picha halikuwa kweli, na la ngamia je? Nimwambie nini?"

Ndugu zangu, swali hilo ndilo lililonifanya niandike.

Tuanze na kweli, maana kweli haimdhuru muumini. Yale majumba yanayoonekana kwenye picha na kalenda, yenye ngazi zilizochongwa juu na ndege wa jiwe juu ya milango, ni makaburi. Waliochonga ni Wanabati, Waarabu wafanyabiashara wa ubani na viungo, ambao makao yao makuu yalikuwa Petra, leo nchini Jordan. Makaburi makubwa ya Al-Hijr yanahesabiwa 111, na 94 kati yake yamepambwa. Baadhi yameandikwa mlangoni: jina la mwenye kaburi, nani ana haki ya kuzikwa humo, mwaka gani wa mfalme gani, na faini atakayotozwa mwenye kuliuza au kumtia maiti asiyehusika. Mfalme anayetajwa mara nyingi ni Harithat, aliyetawala zama za Nabii Isa (A.S.). Yaani haya ni makaburi ya karne ya kwanza Miladia. Wanabati hao mwaka 106 wakamezwa na dola ya Kirumi.

Thamud ni wa kale zaidi. Jina lao limo katika maandishi ya mfalme wa Ashuri, Sargon wa Pili, karne ya nane kabla ya Isa. Mpaka Wanabati walipofika Al-Hijr na patasi zao, ardhi ile ilikuwa imeshapitiwa na watu wengine kadhaa, wakiwamo wa Dadan na Lihyan, ambao mji wao ulikuwa hapo AlUla.

Sasa nipeni aya moja inayosema kwamba kaburi hili au lile lenye namba hii ni nyumba ya Thamud. Haipo. Qur'ani inatuambia Thamud walijenga makasri kwenye nyanda na wakachonga majumba milimani, wakajiona wako katika amani, na adhabu ikawafikia asubuhi. Hayo tunayaamini neno kwa neno. Haikusema kwamba kila jiwe lililochongwa pale ni lao. Sisi ndio tuliosema. Tuliona picha, tukaona aya, tukazigundisha kwa gundi yetu, kisha mtoto alipokuja kuona gundi imeachia, akadhani aya ndiyo iliyoachia. Huo ndio msiba. Mtoto hakuikanusha Qur'ani. Ameikanusha gundi ya Ustadh, ila hakuna aliyewahi kumwambia tofauti ya viwili hivyo.

Na urefu wa mitende tuliutoa wapi? Kuhusu kaumu ya Ad, Qur'ani inasema waliongezewa umbo. Dhiraa hazikutajwa. Thamud hata hilo halikusemwa juu yao katika kisa chao. Lakini sisi tunapenda kunogesha. Wazee wenzangu mtaikumbuka ile barua pepe iliyozunguka mwaka 2004 na baada yake, picha ya mifupa ya mtu mkubwa kama basi imefukuliwa, na maelezo kwamba watafutaji wa gesi wameikuta jangwani Saudia, na kwamba serikali inaficha, na kwamba huyo ni mtu wa Ad. Mimi niliitoa nakala nikaibandika ukutani madrasa. Ilikaa miaka. Picha ile ilitengenezwa kwa kompyuta mwaka 2002 kwa ajili ya shindano la mchezo wa kuunganisha picha, na chini yake ni picha ya watu wa Marekani wakifukua mifupa ya mnyama wa kale wa jamii ya tembo. Tulishangilia mchezo wa watu tukauita muujiza. Tena wapo mpaka leo wanaoituma kwenye simu, na chini yake wameandika "Subhanallah, sambaza".

Imani gani hii inayohitaji kughushi? Aliyetuletea Qur'ani hakutuomba tumsaidie kwa picha ya kubandika.

Nakuja kwa mawakala. Msinione nimewasahau.

Kuna tangazo linazunguka mitaani kwetu, la wakala ambaye simtaji: umra, Makka, Madina, kisha siku mbili za "burudani ya jangwani AlUla", chakula cha usiku chini ya majabali, na "picha za kumbukumbu Mada'in Swaleh, mji wa kaumu iliyoangamizwa". Hebu yasome tena maneno hayo. Kaumu iliyoangamizwa, na picha za kumbukumbu, na nyama choma, vyote katika mstari mmoja!

Biashara yenyewe haikuja kwa bahati. Al-Hijr iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, ya kwanza kwa nchi ya Saudia. Mwaka 2017 ikaundwa Tume ya Kifalme ya AlUla, mwaka 2019 ikatangazwa viza ya utalii, na mwaka 2020 Al-Hijr ikafunguliwa kwa wageni wa kawaida. Miaka ile yetu kibali kilikuwa kazi kweli kweli, na wanazuoni wengi wa kule walikuwa wakiwakemea watu wasiende kutembea pale. Leo mgeni ananunua tikiti na anazungushwa kwa basi na mwongozaji. Sina ugomvi na kuhifadhi mahali. Mahali palipohifadhiwa hapachorwi wala hapavunjwi na wapuuzi kama tulivyokuwa sisi. Ugomvi wangu ni na Muislamu anayemuuzia Muislamu mwenzake mahali pale kama pwani ya kuogelea.

Nilipomkabili huyo wakala, akanipa jibu ambalo nimeshalisikia kwa vijana wengi, na lazima nilijibu kwa sababu lina akili ndani yake. Akasema: "Ustadh, wewe mwenyewe umekiri kwamba ni makaburi ya Wanabati. Basi makatazo ya Mtume (S.A.W.) yalihusu Thamud, hayahusu haya. Watu wapige picha zao."

Taratibu, ndugu yangu. Angalia makatazo yalitolewa wapi na juu ya nini. Mwaka wa 9 Hijria, Mtume (S.A.W.) akiwa njiani kwenda Tabuk, jeshi lilifika Al-Hijr. Masahaba wakachota maji katika visima vya pale na wakakanda unga. Katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Umar (R.A.), tunasimuliwa kwamba Mtume aliwaamrisha wayamwage maji waliyoyachota, unga wawalishe ngamia, na wachote kwenye kile kisima alichokuwa akinywa ngamia wa Nabii Swaleh. Akawakataza wasiingie kwa watu walioadhibiwa isipokuwa wakiwa katika hali ya kulia, wasije wakafikwa na yaliyowafika wale. Kisha akajifunika kichwa na kuharakisha mwendo mpaka akalivuka bonde.

Je, alisema neno lolote juu ya nguzo na milango ya kuchonga? Makaburi ya Wanabati yalikuwapo pale pale, yana zaidi ya miaka 500 siku ile. Hukumu ikashuka kwenye bonde, kwenye visima, kwenye maji. Ni hukumu ya mahali. Na jina la mahali halina utata: kuna kaburi pale la mama mmoja aitwaye Raqush, limeandikwa mwaka 267, miaka zaidi ya 300 kabla ya kuzaliwa Mtume, na maandishi yake yanataja kwamba alifia Al-Hijr. Kwa hiyo elimu ya mawe uliyoikimbilia ikutoe kwenye hadithi ndiyo inayokurudisha humo humo. Wanabati hawakuifuta Thamud kwa kuchonga makaburi juu ya ardhi yao, kama ambavyo mtu hawezi kuufuta msiba kwa kujenga duka pale ulipotokea.

Na kumbuka jeshi lile lilikuwa katika hali gani. Liliitwa jeshi la dhiki. Msimu wa joto, mwendo mrefu, vipando havitoshi, chakula kidogo. Watu wale, katika kiu ile, wamemwaga maji na kuwapa ngamia unga uliokwisha kukandwa. Sisi tuliokuja kwa basi lenye kiyoyozi hatuwezi kuahirisha soda mpaka tutoke bondeni?

Nasema sisi kwa sababu nilikuwamo. Siku ile ya 2004 tulitandika jamvi kwenye kivuli cha kaburi, tukala wali na kuku. Mmoja wetu akalia sauti ya ngamia, tukaanguka kwa kicheko. Mimi nilichukua jiwe nikaanza kuchora herufi za jina langu ukutani. Jiwe la pale ni la mchanga, laini, ndiyo maana Wanabati waliweza kulichonga kutoka juu kushuka chini. Liko moja limesimama peke yake, wanaliita Qasr al-Farid, halikumalizwa, na chini yake unaona alama za patasi zimeachwa kama fundi ameenda kuswali Adhuhuri atarudi. Herufi mbili zikaingia kwa urahisi kabisa. Mlinzi akapiga kelele nikaacha. Herufi mbili zile, kama hazijafutwa, zipo, na nitaulizwa.

Kulikuwa na Mngazija mmoja katika msafara wetu, mkubwa wetu kwa umri. Hakushuka garini. Alifunga pazia la dirisha akasoma Qur'ani mpaka tulipomaliza ujinga wetu. Tulimcheka naye pia. Hakutuambia neno, si kwenda wala kurudi.

Hapo najua kuna ndugu zangu wa upande wa pili wameshafurahi. Wanasema: "Tuliwaambia! Majangwa, majabali, mbuga, yote hayo ni mambo ya wazungu, ni israfu, Muislamu anakwenda Makka anarudi." Nao nina neno nao, na si fupi.

Kwanza hadithi ina "isipokuwa". Mtume hakufunga mlango, ameweka sharti. Mwenye kuweza kuingia kwa unyonge, aingie, atazame, atoke. Mimi binafsi sitarudi, najijua. Lakini siwezi kumharamishia mtu kilichowekewa sharti nikakifanya hakina sharti.

Pili, AlUla si Al-Hijr. Bonde la adhabu liko kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini, na makatazo hayakuenea jimbo zima. Wanahistoria wengi wanaliweka Wadi al-Qura, Bonde la Vijiji, katika eneo hilo la AlUla. Na safari hiyo hiyo ya Tabuk, Bukhari anatusimulia, Mtume (S.A.W.) alipofika Wadi al-Qura alimkuta mwanamke katika bustani yake ya mitende. Akawaambia masahaba wakadirie mavuno. Yeye akakadiria wasaki kumi, akamwambia mama yule ahesabu yatakayotoka. Walipokuwa wanarudi akamuuliza: bustani yako imetoa kiasi gani? Wasaki kumi. Mtazameni Mtume wetu! Bonde moja analipita amejifunika kichwa, bonde la jirani anasimama kwenye shamba la mtu, anatazama mitende, anauliza habari za mavuno, na akirudi anakumbuka kuuliza tena. Nyinyi mnaosema kutazama ardhi ya Mungu ni kazi ya wazungu, mama huyu mwenye bustani mmemweka wapi?

Mitende ipo AlUla mpaka leo. Lipo Jabal al-Fil, Jabali la Tembo, urefu mita 52, limesimama na mkonga wake umegusa ardhi, na hakuna patasi iliyoligusa: ni upepo, maji na mchanga, miaka isiyohesabika. Ipo Jabal Ikmah, korongo lililojaa maandishi ya watu wa kale, ambalo mwaka 2023 UNESCO iliyaingiza maandishi yake katika kumbukumbu za dunia. Mpeleke huko mwanafunzi wa Kiarabu aone herufi zilivyotembea kabla ya kufika kwenye juzuu yake. Kipo kituo cha reli ya Hijaz iliyotoka Damascus na kufika Madina mwaka 1908, reli iliyochangiwa na Waislamu wa nchi nyingi. Kituo hicho kiko ndani ya Al-Hijr penyewe, kwa hiyo ukitaka kukiona, sharti ni lile lile.

Na kwa wenye uwezo wa kufika Jordan, Wadi Rum ni hifadhi ya jangwa yenye majabali ambayo ukisimama chini yake shingo inauma kwa kutazama juu. Nimeambiwa tu, sijafika. Ila msiwapeleke watoto kwenye makorongo siku ya mawingu. Jangwa kavu huua kwa maji. Oktoba 2018 mafuriko ya ghafla karibu na Bahari ya Chumvi, huko huko Jordan, yaliua watu wapatao 20, wengi wao wanafunzi waliokuwa matembezini na shule. Mvua inaweza kunyesha mbali, nyinyi mko kwenye jua, na bonde likawajia.

Kwa wanaosafiri mwezi ujao na wameshalipia siku zile mbili, nendeni AlUla. Kuhusu Al-Hijr, mwambieni wakala sasa hivi, kabla ya kuondoka Bujumbura, awaandikie kwenye karatasi kwamba atakayetaka kubaki hotelini atabaki bila kupoteza zamu yake ya mitende na Jabal al-Fil. Atakayeingia, ale kabla. Simu ikae mfukoni. Mtoto mdogo asiyeweza kuacha kucheka abaki na mama yake au baba yake nje, si dhambi ya mtoto, ni umri.

Kwa yule binti, nilirudi darasani. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba aliuliza swali sahihi na mimi nikamjibu kwa ukali kwa sababu sikuwa najua. Nikawaeleza habari za Wanabati kama nilivyowaeleza nyinyi hapa, na la ngamia nikawaambia: lile tumelipata kwa Mwenyezi Mungu, halikutoka katika albamu yangu. Picha ya mwenzetu ndani ya shubaka nimeitoa. Akaniuliza kama nimeichana. Nikasema hapana, nimeiweka mahali.

Somo linalofuata ni Nabii Shuaibu (A.S.) na watu wa Madyan. Huko nako, kaskazini magharibi ya Saudia, kuna mapango yanayoitwa Mapango ya Shuaibu, na ni makaburi yaliyochongwa na Wanabati hao hao. Wasichana wameshaanza kuniangalia.

Wallaahu a'lam.